Habari za Nyumbani kwa Mchungaji

Neno habari katika Kiswahili hubeba mizigo miwili, na mara nyingi hatuoni kwamba ni miwili. Ukikutana na jirani njiani ukamwuliza habari za nyumbani, wataka kujua kama watoto wameamka salama na kama mbuzi aliyepotea amepatikana. Lakini Abdallah bin Hemedi, yule mwandishi aliyewahi kumtumikia Semboja wa Mazinde, alipoandika juu ya ukoo uliotawala Usambara tangu enzi za Mbegha, kitabu chake kiliitwa vilevile: Habari za Wakilindi. Kilichapwa kwa sehemu huko Msalabani, Magila, kati ya 1895 na 1907. Na hapohapo Magila, katika miaka ya 1890, mitambo ya misheni ya Waingereza ilikuwa ikichapa gazeti dogo lililoitwa Habari za Mwezi, lenye mambo ya kanisa na ya shule, safari za walimu, vifo na ubatizo. Basi mahali pamoja, chini ya milima yetu, neno lilelile lilichapwa likiwa na maana ya historia ya wafalme na likiwa na maana ya nani ameugua mwezi huu.

Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu nilipenda kuanza somo la historia kwa neno hilo. Wanachuo wangu walikuja wakidhani kwamba historia ni vita, mikataba na majina ya magavana. Niliwaambia kwamba habari za mwaka huu, zikitunzwa, ni historia ya mwaka ujao, na zisipotunzwa hazitakuwa chochote. Wengine walicheka. Leo nikiwa mstaafu, mwenye zaidi ya miaka sabini, nina sababu ya karibu zaidi ya kulirudia jambo hilo, nayo ni sanduku la bati lililo chumbani kwangu hapa Lushoto. Nitalifikia. Kwanza yafaa nieleze desturi ya nyumba za wachungaji katika milima hii, desturi ya kuandika barua za majira.

Shirika la misheni lililoanzishwa Berlin mwaka 1886, ambalo baadaye lilihamia Bethel karibu na Bielefeld na kujulikana kwa jina hilo, lilipeleka wamisionari wake Mlalo mwaka 1891. Wawili wa kwanza walikuwa Ernst Johanssen na Paul Wohlrab. Baada ya hapo walisambaa hadi Mtae, Vuga, Bumbuli na kwingineko. Huko Lutindi kilifunguliwa mwaka 1896 kituo cha watoto waliookolewa utumwani, ambacho baadaye kiligeuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na kazi hiyo inajulikana mpaka leo. Shirika hilo lilikuwa na jarida lake tangu 1887, na jarida liliishi kwa barua. Kila nyumba ya misheni ilitakiwa kuandika. Mwanamume aliandika juu ya ibada na shule na mashauri ya watawala. Mkewe aliandika juu ya bustani, homa za watoto, mtumishi aliyejifunza kuoka mkate na baridi ya mwezi wa saba. Barua iliteremka mlima kichwani mwa mpagazi mpaka Tanga, ikapanda meli. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo mtu wa Wilhelmstal, yaani Lushoto yetu ya leo, aliweza kuteremsha barua zake kwa mwendo wa siku moja tu hadi kituoni.

Hata bahasha haikutupwa. Huko Bethel tangu mwaka 1888 kulikuwa na ofisi ya kukusanya stempu zilizokwisha tumika, na wagonjwa waliotunzwa pale walipewa kazi ya kuzipanga ziuzwe kwa ajili ya huduma. Nalipenda jambo hili dogo. Lakini najiuliza ni habari ngapi zilizotupwa ili stempu ipone.

Wakatoliki nao walikuwako mapema, wakiwa na kituo Gare tangu miaka hiyo ya 1890, lakini mapadre hawana wake wala watoto, na kwa hiyo katika taarifa zao hutakuta mtoto anayeota meno. Kwa Waingereza wa Magila mambo yalikuwa ya namna yake. Makasisi wao kutoka Ulaya kwa kawaida hawakuoa, ila makasisi na walimu Waafrika walioa. Kwa hiyo upande ule, mtu akitaka habari za nyumba ya kasisi yenye mama na watoto na kuku uani, ilimbidi azitafute nyumbani kwa Mwafrika. Tangu 1888 wanafunzi wa Kiungani, Unguja, walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Msimulizi, lililopokea habari kutoka vituo vya bara na pwani. Nadhani ni haki kusema kwamba uandishi wa habari wa Kiswahili katika nchi yetu ulizaliwa kwa sehemu kubwa katika hamu hiyo ya kawaida: mtu aliyetumwa mbali kutaka wenzake wajue kwamba yu hai, na kwamba kwake mvua imenyesha.

Sasa, barua zile za Mlalo na Vuga zilizokwenda Ujerumani zinatueleza nini sisi? Zinatueleza mengi, ila sharti tukumbuke ziliandikwa kwa nani. Mwaka 1895 ni mfano mzuri. Mwaka huo serikali ya Kijerumani ilimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Mwaka huohuo misheni ilianza kazi Vuga. Na mwaka huohuo sehemu ya kwanza ya Habari za Wakilindi ilitoka mtamboni Magila. Mambo matatu makubwa kwa mwaka mmoja. Mzee wa Kisambaa aliyekuwapo angesema nchi imevunjika, kwa maana kwetu mtawala na mvua na shibe vilikuwa kitu kimoja, na mtawala akiuawa watu hutazama mawingu. Mke wa mmisionari aliyekuwa akifungua masanduku yake angesema jengo linaendelea na mawe ni mazuri. Hakuna mwongo kati yao. Kila mmoja alikuwa na msomaji wake.

Halafu zikaja zile njaa za mwishoni mwa karne, baada ya nzige na baada ya sotoka iliyomaliza ng'ombe. Njaa ya 1898 hadi 1900 ilishika sehemu kubwa ya kaskazini mashariki. Watu wenye njaa huenda penye chakula, na penye misheni palikuwa na chakula. Barua ya kuomba msaada huko Ulaya haina budi kutaja njaa na kutaja pia wanaokuja kusikia neno, na msomaji wa mbali huona vitu viwili vikienda pamoja kwa uzuri. Sisi wajukuu wa waliokwenda twajua kwamba mtu anaweza kwenda kwa sababu ya tumbo akabaki kwa sababu ya moyo, na mwingine akaenda kwa sababu ya tumbo na kurudi zake mvua ziliponyesha. Barua za majira hazikuwa na nafasi ya kumfuata yule aliyerudi zake.

Vita ya kwanza ya dunia ilikata barua. Waingereza waliingia milimani mwaka 1916, na kufikia 1920 Wajerumani walikuwa wameondolewa. Hawakuanza kurudi mpaka 1925. Mtu anayetegemea barua za nyumba za misheni peke yake atadhani kwamba katika miaka ile mitano Usambara ililala, kwa kuwa waandishi wake hawakuwapo. La hasha. Walimu na wazee wa Kisambaa ndio waliofundisha, wakazika, wakaamua kesi za ndoa na kuezua nyasi zilizooza juu ya makanisa wakaezeka mpya. Jambo hilo lilitokea tena vita ya pili ilipoanza 1939 na Wajerumani wakawekwa kizuizini. Safari hii Walutheri wa Marekani walisaidia kusimamia, lakini kazi ya kila siku ilikuwa ya wenyeji. Ndiyo miaka iliyotufanya kuwa kanisa, na ndiyo miaka ambayo karatasi zake ni chache kuliko zote.

Hapo ndipo lilipo sanduku langu la bati.

Baba mkwe wangu alikuwa mchungaji katika milima hii, na alihudumu sharika tatu mpaka alipostaafu mwaka 1989. Sitaitaja sharika hata moja, maana watu wake wangali hai na baadhi yao wamo ndani ya barua. Alikuwa na taipureta nzito, na tabia ya kuandika barua mara tatu kwa mwaka: wakati wa Pasaka, matope ya masika yakiwa yamefunga njia; wakati wa mavuno, mwezi wa nane; na wakati wa Majilio, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kuotesha mahindi. Aliziita Barua za Majira. Aliweka karatasi ya kaboni, akabakiza nakala, akaziweka sandukuni. Ya kwanza ni ya Majilio 1961, siku chache kabla ya Uhuru, na ya mwisho ni ya Pasaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño zilizoporomosha mashamba na kukata barabara. Alifariki mwaka 2001.

Nilimwoa binti yake mwaka 1975, na tangu hapo nami nikawa mmoja wa waliopokea barua hizo. Kwa miaka mingi nilizisoma kama mkwe asomavyo: upesi, kwa heshima, nikitafuta kama nimetajwa. Lakini baada ya msiba, sanduku lilipofunguliwa, niligundua kwamba kwa kila majira, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kulikuwa na nakala mbili zisizofanana. Moja ilikuwa yetu sisi watoto tuliotawanyika Dar es Salaam, Tanga, Arusha na Nairobi. Nyingine ilikuwa ya usharika mmoja wa Ujerumani waliofanya urafiki na usharika wake. Aliiandika kwa Kiswahili, na mtu mwingine akaitafsiri.

Nitachukua Majilio ya 1981, kwa sababu wengi wetu tunaukumbuka wakati ule. Vita na Idi Amin ilikuwa imekwisha miaka miwili na nusu iliyotangulia, hazina ya nchi ilikuwa tupu, na madukani hapakuwa na kitu. Barua ya Ujerumani inasema kwamba mvua za vuli zimekuja kwa wakati, kwamba vijana arobaini na mmoja wamepata kipaimara, kwamba paa la kanisa la mtaa wa juu limefika kwenye kenchi, kwamba bendi ya matarumbeta imejifunza nyimbo mbili mpya, na kwamba baiskeli waliyoileta inampeleka mwinjilisti mahali ambapo zamani alikwenda kwa miguu. Halafu inasema, kwa sentensi moja isiyo na pambo, kwamba amezika watoto tisa wa surua kati ya Septemba na Novemba.

Barua yetu sisi haina surua. Inasema tu, "tumekuwa na misiba." Badala yake inasema kwamba sabuni haijaonekana duka la ushirika kwa miezi miwili, kwamba sukari imegawiwa kilo moja kwa nyumba na mama yenu ameificha kwa ajili ya wageni wa Krismasi, kwamba hakuna mafuta ya taa na kwa hiyo ibada ya mkesha itafanywa saa kumi alasiri, na atakayekuja na alete chumvi. Inamtaja kaka yetu mmoja aliyeacha kazi bila kuaga. Inasema plamu zitakuwa nyingi mwezi wa kwanza, ila lori la kuzishusha Mombo halina matairi.

Niliposoma barua zote mbili kwa pamoja mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Niliona kama baba mkwe alikuwa na nyuso mbili. Mke wangu ndiye aliyenipa jibu, na hakulitoa kwa mwalimu wa historia, alilitoa kwa mumewe jikoni. "Wadogo zangu wawili walikuwa bado nyumbani," alisema. "Ungekuwa Nairobi ukasoma kwamba surua imeua tisa kijijini, ungelala?" Na kuhusu sabuni alisema kwamba baba yake aliona haya kumwambia mgeni kwamba nyumba ya mchungaji haina sabuni. Wale Wajerumani wangeleta sabuni. Aliwataka kwa ajili ya urafiki, na msiba aliweza kuwapa kwa kuwa msiba hauombi kitu.

Tangu siku hiyo nimezisoma zile barua za kale za Mlalo, chache nilizopata kuzijua, kwa jicho jingine. Johanssen na Wohlrab na wake zao nao walikuwa na wazazi. Nao, bila shaka, walikuwa na barua ya jarida na barua ya mama. Ya jarida ilichapwa ikabaki. Ya mama huenda imo katika droo fulani huko Westfalia, au haimo tena. Sisi tunaohukumu wamisionari kwa yale waliyoyachapisha, wengine tukiwasifu mno na wengine tukiwalaani mno, tunahukumu nusu ya karatasi.

Lakini tazama tofauti. Mwaka 1971 shirika la Bethel liliungana na lile la Rhine, na karatasi za misheni zimehifadhiwa huko Wuppertal, ndani ya nyumba yenye wahifadhi wa kazi hiyo. Mtafiti akitaka kujua nyumba ya mmisionari ilikula nini Krismasi ya miaka ya 1890 hupanda ndege akaenda. Akitaka kujua nyumba ya mchungaji Msambaa ilikula nini Krismasi ya 1981, aende wapi? Kanisa letu la Kilutheri liliundwa kwa muungano wa makanisa saba mwaka 1963. Askofu Sebastian Kolowa, mtu wa milima hii, aliliongoza lote tangu 1976 hadi kifo chake mwaka 1992. Gazeti la Uhuru na Amani lilitoa habari za mikutano na za majengo. Hayo yote yameandikwa, na ni vyema. Nyumba za wachungaji wenyewe, hata hivyo, zilihamahama. Mchungaji akihamishwa hupewa lori moja la mizigo, na katika lori hilo karatasi hupakiwa mwisho na hushushwa kwanza. Nimeona kwa macho yangu kumbukumbu za vikao vya miaka ya 1950 zikifungia maandazi katika soko moja, na muuzaji hakuwa na kosa, alizinunua kwa uzito.

Katika familia yetu kumekuwa na mabishano juu ya sanduku hili, wala sioni sababu ya kuyaficha. Shemeji yangu mkubwa anataka barua za watoto zichomwe na zile za Ujerumani zipelekwe dayosisi. Hoja yake si ya kijinga: barua zetu zinataja watu, madeni, mimba zilizokuja kabla ya ndoa, mzee wa kanisa aliyelewa siku ya mnada wa mavuno. Baba yao, asema, aliandika kwa watoto wake, hakuandika kwa taifa. Mke wangu anataka zote zikae pamoja au zisikae kabisa, kwa kuwa ukipeleka moja bila ya pili umemfanya baba yao mtu wa sabuni nyingi. Mimi kama mkwe sina kura, ila sanduku liko chumbani kwangu, na mchwa wa Lushoto hawasubiri kikao cha ukoo. Kwa sasa tumekubaliana kwamba mjukuu mmoja, binti anayesomea ualimu, aziingize zote kwenye kompyuta, majina yawekewe herufi moja moja, na karatasi zenyewe zisiguswe mpaka wote waliotajwa wawe wamefariki. Amefika mwaka 1969.

Ni yeye aliyetuonyesha jambo ambalo sisi sote tulikuwa tumelipita. Chini ya nakala nyingi, upande ule wa watoto, kuna maandishi ya penseli ambayo si ya taipureta wala si mwandiko wa baba. Ni ya mama mkwe. Alisoma mpaka darasa la nne tu, na baba hakuwa akimwuliza neno la kuongeza. Inaonekana alifungua sanduku baadaye, peke yake, akaandika pale pembeni. Hatukuwahi kuyaona katika barua tulizopokea, kwa sababu barua zilikuwa zimekwisha kutumwa. Alifariki mwaka 2010 bila kumwambia mtu.

Mengi ni mafupi na ni ya hesabu. Debe la mahindi shilingi ngapi. Kuku saba, wawili wa wageni. Mvua siku kumi na nne. Mwaka 1974, wakati wa ukame na wakati watu walipokuwa wakihamishwa kwa operesheni ya vijiji, ameandika majina ya nyumba kumi na moja na mbele ya kila jina kiasi cha unga, na hatujui kama ni unga aliotoa au alioazima. Katika barua ya Majilio 1981, pembeni ya maneno "tumekuwa na misiba," ameandika majina tisa ya watoto, na umri wa kila mmoja. Wa mwisho katika orodha alikuwa na miezi kumi na minne, na mbele yake mama ameongeza kwamba sanda ilitoka katika kitambaa cha meza cha usharika.

Mjukuu ameuliza kama hayo nayo ayachape, na ayaweke wapi, ndani ya barua au chini yake. Tumemwambia ayaweke mahali palepale yalipo, pembeni, na aache penseli ionekane.